Gari kuukuu linapotetemeka na kuzimika: Jinsi ya kusaka kiini cha hitilafu

GARI kuukuu aghalabu halizimiki ghafla bila kutoa ishara. Kwa majuma kadhaa injini hutetemeka gari likiwa limesimama kwenye taa za trafiki, usukani ukatikisika, na sauti ya bomba la moshi ikawa na pengo, mithili ya ngoma inayokosa pigo moja katika kila mapigo manne.

Dereva huzoea. Hujifunza kugusa kikanyagio cha mafuta kwa kisigino huku vidole vya mguu vikiwa kwenye breki, akaendelea na shughuli zake. Siku injini itakapozimika akiwa amekanyaga klachi kwenye mteremko wa Mai Mahiu, ndipo atakapogundua kuwa kanyagio la breki nalo limekuwa gumu kama jiwe.

Hili si jambo la kubahatisha. Breki za magari mengi ya petroli husaidiwa na servo, kile kibuyu cha bati kilicho nyuma ya chumba cha injini upande wa dereva. Servo hupata nguvu zake kutokana na mvuto wa hewa unaotoka kwenye manifoldi ya injini. Injini ikizimika, hubaki akiba ya kukanyaga breki mara moja au mbili tu, kisha mguu wa dereva unabaki peke yake kazini. Isitoshe, servo yenyewe ikitoboka, hiyo hiyo ndiyo huifanya injini kutetemeka. Kwa hivyo anayepuuza mtetemeko huenda anapuuza hitilafu ya breki bila kujua.

Makala haya yanahusu magari ya zamani ya petroli yenye kabureta, na tutatumia Peugeot 504 kama kielelezo. Ni gari lisilohitaji kutambulishwa humu nchini. Lilianza kuuzwa 1968, likatawazwa Gari la Mwaka barani Ulaya 1969, kisha likashinda Safari Rally mara mbili: 1975 likiendeshwa na Ove Andersson, na 1978 likiendeshwa na Jean-Pierre Nicolas, safari hiyo likiwa na injini ya V6. Liliendelea kuunganishwa Kenya hadi 2004. Yale yaliyosalia barabarani, hasa pikapu za wakulima, yana umri wa kutosha kuugua kila ugonjwa utakaotajwa hapa. Mwenye Datsun, Toyota au Mazda ya enzi hizo atapata mengi yanayomhusu pia.

SIKILIZA KABLA YA KUFUNGUA

Kosa kubwa linalofanywa na wenye magari ni kukimbilia Barabara ya Kirinyaga kununua spea kabla ya kujua ni kipi kilichoharibika. Mwandishi huyu aliwahi kubadilishiwa kabureta nzima, kisha koili, kisha waya zote za plagi, na gari likaendelea kutetemeka vile vile. Kiini kilikuwa mpira mdogo wa hewa uliopasuka nyuma ya manifoldi, ambao bei yake haikufikia hata nauli ya kwenda mjini.

Kwanza, jiulize ni lini gari linasumbua. Je, ni asubuhi injini ikiwa baridi, au ni baada ya kupata moto? Je, ni likiwa limesimama tu, au hata kwenye mwendo wa kasi? Majibu haya huondoa nusu ya washukiwa kabla hujashika spana.

Injini inayotetemeka gari likisimama lakini ikatulia mara tu unapokanyaga mafuta, mara nyingi inafyonza hewa pasipostahili, au kijia cha mafuta ya kunguruma kwa chini ndani ya kabureta kimeziba. Ile inayomisi, kama wasemavyo makanika, hata kwenye mwendo na kuzidi inapopanda mlima, ina upungufu wa cheche au wa mafuta. Ile inayokwenda vyema asubuhi na kuharibika baada ya nusu saa, ichunguzwe kondensa na koili, kwani vifaa hivi viwili hudhoofika vikipata joto.

Baadaye nenda nyuma ya gari. Shika kipande cha karatasi karibu na mdomo wa bomba la moshi injini ikinguruma. Katika injini yenye afya karatasi hupeperushwa nje kwa mfululizo. Ikiwa inasukumwa kisha inavutwa ndani kwa vipindi, shuku valvu ya kutolea moshi iliyoungua. Pengo likija kwa mpangilio ule ule, silinda moja ndiyo mgonjwa. Likija ovyo ovyo bila mpangilio, tatizo ni la injini nzima: mchanganyiko wa hewa na mafuta, au mfumo mzima wa cheche.

Tena kuna gari linalotetemeka ilhali sauti ya moshi ni laini kabisa. Hilo halina ugonjwa wa injini. Mipira inayobeba injini imechakaa au imelowa oili ikalainika, na mtikisiko wa kawaida unapita moja kwa moja hadi kwenye bodi. Watu wengi wamelipishwa gharama ya kufanyiwa "savisi" kwa sababu ya mipira hiyo.

SILINDA IPI?

Injini ya petroli ya 504 yenye silinda nne inafaa kunguruma kati ya mizunguko 800 na 900 hivi kwa dakika gari likiwa limesimama na injini imepata moto. Ikiwa katika kasi hiyo, chomoa waya wa plagi mmoja baada ya mwingine, ukitumia koleo lenye mpini wa mpira au glavu kavu nzito. Kila waya unaochomolewa unapaswa kuifanya injini izidi kuyumba. Utakapochomoa mmoja na hali isibadilike hata kidogo, basi umempata mkosaji: silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi tangu hapo.

Hapa kuna mtego kwa makanika waliozoea magari ya Japani. Peugeot huhesabu silinda kuanzia upande wa gurudumu zito la klachi, si upande wa feni. Silinda nambari moja ya 504 basi ndiyo iliyo nyuma kabisa, karibu na dereva. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2. Anayeanza kuhesabu kutoka mbele atapanga taimingi akidhani anaangalia silinda ya kwanza, kumbe ni ya nne.

Ukishamjua mkosaji, badilisha plagi yake na ya silinda jirani, kisha rudia jaribio. Tatizo likihamia kwa jirani, plagi ndiyo mbovu. Likibaki pale pale, fanya hivyo kwa waya. Likiendelea kubaki, kagua kifuniko cha distributa: tafuta mstari mwembamba mweusi kama unywele, ambao ni ufa unaopitisha umeme kando. Ufa huo huonekana vizuri usiku, injini ikinguruma na taa zimezimwa, kwani cheche ndogo za samawati hurukaruka juu yake. Asubuhi za ukungu wa Limuru au Kericho, unyevu pekee ndani ya kifuniko hicho unatosha kuikatalia injini kuwaka.

Rangi ya plagi nayo ina mengi ya kusema. Kahawia hafifu ni afya. Nyeusi yenye masizi makavu ni mafuta kuzidi hewa. Nyeusi yenye unyevu wa grisi ni oili inayoingia ndani ya silinda. Nyeupe yenye vidoto vilivyoyeyuka ni joto kupita kiasi au hewa kuzidi mafuta. Katika 504, plagi zimezama ndani ya mashimo marefu, hivyo angalia pia kama oili imejaa ndani ya shimo lenyewe. Oili hiyo hutoka juu kwenye sili zilizochakaa, na huvujisha umeme kabla haujafika kwenye ncha ya plagi. Acha pengo la plagi la milimita 0.6 hivi.

Magari mengi ya 504 bado yana pointi, zile ncha mbili za chuma ndani ya distributa zinazofunguka na kufunga. Pengo lake ni milimita 0.4. Kila zinapochakaa pengo hupungua na taimingi husogea, ndiyo maana gari huharibika polepole bila mwenyewe kutambua. Ncha zikiwa zimeungua, upande mmoja ukiwa na kijilima na wa pili kijishimo, usizipige msasa ukadhani umemaliza. Kondensa ndiyo iliyoziunguza, na itaunguza mpya vile vile.

HEWA YA WIZI

Tufikie sasa chanzo kinachopuuzwa kuliko vyote. Injini inaponguruma kwa chini, kipepeo cha kabureta kimekaribia kufunga kabisa, na mvuto wa hewa nyuma yake ni mkubwa mno. Tundu lolote, hata dogo kama la sindano ya kushonea magunia, huingiza hewa isiyopitia kwenye kabureta. Mchanganyiko unakosa mafuta, silinda moja au mbili zinashindwa kuwaka, na injini inayumba. Ukikanyaga mafuta, hewa halali inakuwa nyingi kiasi kwamba ile ya wizi haina athari tena. Ndiyo sababu gari kama hilo hudanganya: barabarani ni zima, kwenye foleni ni gonjwa.

Hewa hii huingilia mahali pengi: gasketi iliyo chini ya kabureta, gasketi ya manifoldi, shina la kipepeo lililolegea kwa uchakavu, mpira wa distributa, na ule mpira mnene wa servo ya breki. Mipira ya gari lenye umri wa miaka 30 huwa migumu kama mbao, na hupasuka upande wa chini usioonekana.

Makanika wengi husaka tundu kwa kunyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini inayonguruma. Njia hii hufanya kazi, lakini imewahi kuteketeza magari, kwa kuwa manifoldi ya moshi yenye moto mkali haiko mbali. Maji ya sabuni ndani ya chupa ya kunyunyizia yanatosha. Nyunyiza kidogo kidogo kwenye kila kiungo na usikilize. Maji yakifyonzwa na tundu, sauti ya injini hubadilika kwa muda mfupi. Usiyaelekeze kwenye distributa.

Baada ya hapo, bana mpira wa servo kwa koleo, ukiuvisha kitambaa ili usikatike. Injini ikitulia papo hapo, servo au mpira wake ndio unaovuja. Ithibitishe hivi: zima injini, kanyaga breki mara tano au sita hadi kanyagio liwe gumu, lishikilie chini, kisha washa injini. Kanyagio linapaswa kuzama kidogo chini ya mguu wako. Lisipozama, servo haisaidii, na gari hilo halipaswi kuendeshwa hadi litengenezwe, haidhuru safari ni fupi kiasi gani.

Mwenye geji ya kupimia mvuto wa hewa ana chombo bora, mradi asisahau anaishi wapi. Vitabu vingi vya ufundi viliandikwa na watu wa nchi zilizo karibu na usawa wa bahari, nao husema injini nzima huonyesha inchi 17 hadi 21 za zebaki. Usomaji huo hupungua kwa takriban inchi moja kwa kila mita 300 za mwinuko. Mombasa kitabu ni sahihi. Nairobi, iliyo karibu mita 1,700 juu ya bahari, injini yenye afya huonyesha inchi 12 hadi 15 tu. Fundi asiyelijua hili ataihukumu injini nzima kuwa imechakaa, na mwenye gari atalipia kufunguliwa injini ambayo haikuwa na kosa. La muhimu zaidi ni tabia ya mshale. Ukitulia, vyema. Ukianguka kwa vipindi sawa, valvu moja haifungi. Ukiwa chini lakini umetulia, tafuta hewa ya wizi au taimingi iliyochelewa.

KABURETA NA PETROLI

Mwinuko huo huo huathiri kabureta. Hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15, ilhali kabureta hupima mafuta kana kwamba haikujua. Gari lililorekebishwa Mombasa na kuletwa bara litatoa moshi mweusi, litakula petroli na kutetemeka kwenye foleni. Lililorekebishwa Limuru na kuteremshwa pwani litakosa mafuta. Hakuna kilichoharibika. Linahitaji skrubu ya mchanganyiko izungushwe: injini ikiwa na moto, funga skrubu polepole hadi iyumbe, kisha ifungue hadi ifikie kasi ya juu kabisa inayoweza, halafu urudishe kasi kwa ile skrubu ya kipepeo. Ikiwa skrubu ya mchanganyiko haina athari yoyote, hata ukiifunga yote, kijia cha kunguruma kwa chini kimeziba au hewa ya wizi ni nyingi.

Jeti iliyoziba isitobolewe kwa waya. Shaba ni laini, na tundu likipanuka hata kwa unywele, kabureta hiyo haitatulia tena. Tumia hewa ya kompresa. Uchafu ukirudi baada ya siku chache, asili yake ni kutu ndani ya tangi, wala si kabureta.

Choki nayo ikwame nusu, gari huwaka vizuri asubuhi na kuanza kujongoa moshi mweusi saa mbili baadaye. Kagua kwa macho kabla ya yote: kipepeo cha juu kinapaswa kuwa wima injini ikishapata moto.

Halafu kuna petroli yenyewe. Uchanganyaji wa petroli na mafuta taa ulikithiri humu nchini kwa miaka mingi kwa sababu mafuta taa yalikuwa rahisi, hadi serikali ilipoyatoza ushuru wa Sh18 kwa lita mnamo 2018 ili kuziba pengo hilo la bei. Mafuta taa hayavukizi upesi. Injini hukataa kuwaka asubuhi, hugonga ikipanda mlima, na plagi huvaa masizi. Dondosha tone moja juu ya karatasi nyeupe na uliache kivulini. Petroli safi hukauka na kutoweka. Iliyochanganywa huacha doa la mafuta.

VALVU NA MGANDAMIZO

Ikiwa cheche ipo, mafuta ni safi, hewa ya wizi haipo na bado silinda ile ile imelala, ni wakati wa kuangalia ndani. Anza na nafasi ya valvu, kazi ambayo wengi huiruka. Katika 504, injini ikiwa baridi, valvu za kuingiza huachiwa milimita 0.10 na za kutoa moshi milimita 0.25. Valvu iliyobanwa haifungi vizuri injini ikipata moto. Haipigi kelele, tofauti na iliyolegea, na kwa hivyo hakuna anayeishuku hadi iungue. Katika baadhi ya injini za zamani ambazo viti vya valvu vilichongwa moja kwa moja kwenye chuma cha kichwa cha injini, nafasi hii ilianza kupungua upesi baada ya Kenya kuachana na petroli yenye risasi mwishoni mwa 2005, kwani risasi hiyo ndiyo iliyokuwa ikivilinda.

Kisha pima mgandamizo, plagi zote zikiwa zimetolewa na kikanyagio cha mafuta kikiwa chini kabisa. Usijali sana tarakimu zenyewe, kwani hizi pia hushuka kwa sababu ya mwinuko. Linganisha silinda. Iliyo dhaifu isipungue robo tatu ya iliyo na nguvu zaidi. Ikipungua, mimina kijiko cha oili ndani yake na upime tena. Mgandamizo ukipanda, ringi za pistoni zimeisha. Usipopanda, ni valvu. Silinda mbili zinazopakana zikiwa dhaifu kwa pamoja, gasketi ya kichwa imepasuka baina yao.

MAGARI YA EFI

Corolla za miaka ya tisini, kama zile za injini ya 5A-FE, hazina kabureta wala pointi, lakini nazo zimezeeka. Mantiki hubadilika kidogo. Injini hii hupima mgandamizo wa hewa ndani ya manifoldi, hivyo hewa ya wizi huihesabu kuwa hewa halali na kuiongezea mafuta. Badala ya kutetemeka, injini hupaa hadi mizunguko 1,500 au hupanda na kushuka kama inayopumua. Dalili hiyo ya kupumua huletwa pia na maji kupungua kwenye rejeta, maana valvu inayodhibiti hewa ya kunguruma kwa chini huhisi joto la maji hayo. Jaza maji na uondoe hewa iliyonaswa kabla ya kununua valvu.

Usichomoe waya wa plagi ovyo katika magari haya, kwani umeme usio na pa kwenda unaweza kuunguza kifaa cha cheche. Chomoa plagi ndogo ya umeme ya injekta badala yake. Kipepeo cha hewa kilichojaa masizi husafishwa kwa kitambaa na dawa yake, injini ikiwa imezimwa. Ikiwa taa ya injini inawaka kwenye dashibodi, fungua kile kisanduku kidogo cheusi chini ya boneti, unganisha tundu la TE1 na E1 kwa kipande cha waya, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Taa itapepesa: pepesa tatu, kimya, pepesa moja ni 31, yaani kipima mgandamizo wa hewa au mpira wake. Mpira huo ni mwembamba kama penseli, na hupasuka mwishoni, pale unapoingia kwenye kipima. Mara nyingi hukatwa sentimita moja, ukarudishwa, na gari likatulia.

Chochote ulichotengeneza, usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa unapoijaribu, kwa sababu moshi wake una sumu isiyo na harufu. Litoe gari nje, liache lipate moto hadi feni ifanye kazi, washa taa kubwa zote ili alteneta ielemewe, kisha usikilize bomba la moshi upya. Rudia lile jaribio la kanyagio la breki kabla ya kulipeleka mteremkoni.